Kama "Imekwisha," mbona Yesu bado anatuombea?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa hapa Kigoma, nauza dagaa Kibirizi. Yesu alisema msalabani, "Imekwisha." Mbona tunafundishwa kwamba bado anatuombea? Ina maana Baba hajaridhika nasi? Tena, ananiombea hata mimi? Tangu nifiwe na mume wangu, nikipiga magoti maneno hayatoki.

JIBU: Amina, mama. Pole sana kwa msiba.

Kwanza liondoe moyoni wazo la Mwana anayembembeleza Baba asiyetaka. Bwana mwenyewe alisema, "Baba mwenyewe awapenda" (Yohana 16:27). Huyo Baba ndiye aliyemtoa Mwana.

Kilichokwisha ni dhabihu. Makuhani wa zamani walisimama kila siku wakitoa dhabihu zilezile. Kristo alitoa moja, akaketi (Waebrania 10:11-12). Hatolewi tena. Lakini yu hai, na yuko usoni pa Mungu kwa ajili yetu. Haruni, kuhani mkuu wa kwanza, alipoingia patakatifu alibeba kifuani majina ya makabila 12 ya Israeli (Kutoka 28:29). Mgonjwa wa kabila la Dani, aliyelala hemani asiweze hata kuketi, naye jina la kabila lake lilifika mbele za Bwana.

Sasa mtazame Petro. "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike" (Luka 22:32). Bwana alimwambia hayo kabla jogoo hajawika, kabla Petro hajamkana mara 3. Hakungoja Petro aombe kwanza. Tena sisi wahubiri tunalipita hili haraka: hakuomba Petro asipepetwe, yaani asijaribiwe na Shetani. Aliomba imani isizimike. Petro akapepetwa, akalia kwa uchungu, akarudi. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba uchungu utaisha wiki hii, na anayekuahidi hivyo kwa jina la Yesu anakuonea. Ninachojua ni kwamba imani yako haishikiliwi na wingi wa maneno yako. Kama ingekuwa hivyo, usingeniandikia swali hili.

Soma Warumi 8 taratibu. Mstari wa 26, Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mstari wa 34, Kristo anatuombea mkono wa kuume wa Mungu. Magoti yakikataa, keti. Jumapili njoo ibadani hata kama huwezi kuimba, na uwaambie akina mama wa jumuiya yako waje nyumbani waombe kwa sauti. Wewe itikia amina ukiweza.