Maswali na majibu: Risiva inapolalamikia spika

Fundi, nimenunua risiva (amplifaya ya sinema ya nyumbani) ya Yamaha ya mtumba pale Mwanjelwa. Nikiiacha ijipime kwa maiki yake, inaleta W-1 kwenye spika ya katikati. Waya nimekagua, nyekundu iko kwa nyekundu. Niugeuze ili ujumbe uondoke? – Soweto, Mbeya

Usiuguse. W-1 maana yake mashine inahisi fezi ya spika hiyo iko kinyume: nyingine zinaposukuma hewa mbele, hiyo inavuta nyuma. Ni onyo tu, halizuii vipimo kuhifadhiwa. Spika nyingi za njia mbili au tatu, yaani zenye koni mbili au tatu ndani ya boksi moja, hutoka kiwandani twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) au ile ya sauti za kati ikiwa imeungwa kinyume makusudi, ili sauti zikutane vizuri pale krosova, sakiti ya ndani, inapozigawa. Maiki haina habari hiyo. Tena sauti ikigonga kioo cha meza ya TV kabla ya kufika kwenye maiki, mashine inachanganyikiwa vilevile.

Ila umesema umekagua. Ulikagua ncha zote mbili? Wengi huangalia nyuma ya risiva na kusahau nyuma ya spika, hasa ile iliyosukumwa ukutani. Zikiwa sawa kote, kubali onyo, hifadhi, endelea. Ukigeuza waya uliokuwa sahihi ujumbe utaondoka kweli, lakini spika ya katikati itaanza kupingana na zile za mbele, na utabaki unajiuliza sauti za waigizaji zimekonda kwa nini.

Waya wangu rangi ni moja, umepita juu ya dari. Nitajuaje upi ni upi? – Mafinga

Utazame kwa karibu kwanza. Waya pacha karibu kila mara una alama upande mmoja: mstari, maandishi, au tuta dogo unalolisikia kwa ukucha. Ule wa plastiki angavu, uzi mmoja huwa wa rangi ya shaba na wa pili mweupe kama bati.

Ukikosa alama, tafuta betri ya kawaida ya volti 1.5. Chomoa waya kwenye risiva, hili usiliruke. Mwenzio akae mbele ya spika, kitambaa cha spika kimevuliwa. Gusisha ncha za waya kwenye betri mara moja na kuachia. Koni ya wufa, ile kubwa ya besi, ikiruka nje, uzi uliogusa chanya ndio wa kwenda kwenye nyekundu. Ikirudi ndani, ni kinyume. Twita usiihangaikie, haitaonyesha kitu. Na sabufa, boksi la besi, yenye amplifaya yake ndani haihusiki na kipimo hiki.

Kila nikipima majibu yanabadilika. Leo W-1 iko kushoto, kesho kulia. – Tukuyu

Mvua ya Tukuyu juu ya bati, halafu unataka maiki isikie? Subiri inyamaze. Maiki ikae kwenye stendi, urefu wa masikio ya mtu aliyeketi, isishikwe mkononi wala kulazwa kwenye mto wa kochi.

Sabufa iko mita 3 kutoka kochi langu, risiva imeandika mita 4.5. Nisahihishe? – Iringa mjini

Acha ilivyo. Mashine haipimi kwa futi kamba, inapima muda wa sauti kufika. Vichujio na amplifaya ndani ya sabufa huichelewesha kidogo, na kila milisekunde 1 ni kama sentimita 34 za hewa. Hiyo mita 1.5 ya ziada ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 4, na risiva inauhitaji ili besi ifike pamoja na spika nyingine. Ukiandika 3 utakuwa umeharibu hesabu yake.

Spika ikiungwa kinyume inaungua? – Njombe

Haiungui. Kinachoua risiva ni nyuzi za waya zilizochomoza zikagusana kati ya nyekundu na nyeusi. Zisokote vizuri kabla ya kuzifunga.