Gereji ya Wasomaji: Boksi la Evo kwenye Lancer ya kuvuta mbele

Salaam aleikum mafundi. Lancer yangu ya 1994 ni ya kuvuta mbele, na nishaitia injini ya Mitsubishi 4G63 ya turbo. Nikikanyaga gia ya pili matairi ya mbele yanasaga lami tu, gari haliendi. Yadi moja huku Changamwe wananiuzia giaboksi la Evo III, ile Lancer ya mbio ya magurudumu manne, pamoja na transfa yake, yaani kisanduku kinachopeleka nguvu nyuma. Wanasema nikilifunga, gari litasukuma kwa magurudumu yote manne. Nilipe?
*Msomaji, Tudor*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Boksi litashikana na injini, lakini nyuma ya gari lako hakuna cha kusukumwa. Kabla ya kutoa pesa muulize muuzaji habari ya nusu ya pili: propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) na beringi zake za katikati, difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) na fremu inayoibeba, ekseli mbili, habu, mikono ya saspensheni, kebo za handibreki, na tangi la mafuta. Tangi ndilo husahaulika. La gari la kuvuta mbele hukaa palepale propela inapotaka kupita.

Hata ukivipata vyote, sakafu yako ya nyuma haina sehemu za kufungia fremu ya difu. Itabidi kipande cha sakafu kikatwe kwenye bodi ya Lancer ya magurudumu manne na kuchomelewa kwako. Hapo ndipo kazi huharibika. Fundi apime kwa mshazari, kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto na kinyume chake, kabla ya kuchomelea na tena baada ya kugandisha kwa nukta chache. Fremu ikikaa upande, propela hupinda kwenye viungo vyake, gari linaanza kutetema ukikaza mwendo, na beringi ya katikati haidumu. Tangi na mipira ya petroli vitoke kabisa kabla cheche haijaruka. Kulifunika tangi kwa gunia bichi si kinga. Waya wa betri utolewe pia, kompyuta ya injini isiungue.

Sisi tungekuambia utafute bodi ya Lancer ya magurudumu manne yenye kitabu chake cha usajili, hata kama injini yake imekufa, uhamishie 4G63 yako humo. Utaokoa wiki za kukata na kuchomelea. Kuagiza gari zima la miaka hiyo hakuwezekani tena kwa kikomo cha miaka minane, kwa hivyo itafute humu nchini. Injini ikihama, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, waarifiwe ili namba mpya iingie kwenye kitabu, na kampuni ya bima ijue.

Ukishikilia boksi lako la yadi, kuna mitego. Kuanzia Evo IV ya 1996, Mitsubishi waligeuza injini na giaboksi nyuzi 180. Boksi la Evo IV kwenda mbele halitakaa kwako, hata uuziwe kwa bei ya kutupa. Hesabu bolti za flaiwili: kuna 4G63 za bolti sita na za bolti saba, na flaiwili zake hazibadilishani. Chukua flaiwili, bamba la klachi na stata kutoka gari moja na boksi, la sivyo stata itasaga meno.

Difu ya nyuma nayo itoke gari hilohilo. Kama huna hakika, ipime ikiwa mezani: shika upande mmoja usizunguke, zungusha wa pili raundi mbili kamili, uhesabu raundi za flanji, pale propela inapofungiwa. Difu ya uwiano wa 3.545 itatoa tatu na nusu na ushei. Iwapo ni ya kujifunga, zungusha pande zote mbili pamoja raundi moja, hesabu ni ileile. Uwiano wa mbele na nyuma ukitofautiana, mihimili miwili hupigana kila mita ya safari, na kinachokufa kwanza ni difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Nataka boksi la magurudumu manne kwa ugumu wake tu, niendelee kuvuta mbele. Nikiziba tundu la transfa kwa bamba, si yatosha?
*Msomaji, Likoni*

Haitoshi. Ndani ya boksi hilo mna difu ya kati, na difu hupeleka mzunguko kule kulikolegea. Ukiondoa transfa, upande wa nyuma unabaki hauna mzigo: utakanyaga mafuta, shafti ya nyuma izunguke, gari libaki limesimama au lijikokote kwa mvuto wa kapulini ya mafuta mazito inayoibana difu hiyo, nayo iungue.

Sharti difu ya kati ifungwe moja kwa moja. Wengi huchomelea meno yake, lakini kile ni chuma kilichokomazwa. Kikichomelewa baridi, chomeo hupasuka na vipande vikaingia kwenye gia. Bora kipande kizima kilichochongwa. Na katika maboksi mengi ya namna hii ekseli ya kulia hupita ndani ya transfa, kwa hivyo bamba lako linahitaji sili ya mafuta, na ekseli ipimwe urefu upya. Tabu yote hiyo kwa boksi lililo ukoo mmoja na la kuvuta mbele. Hatuioni faida yake.

Gari langu ni la magurudumu manne. Nimetia matairi mapya mawili mbele, 195/55R15, na sasa nikikata kona ya pakingi linajivuta kama limeshikwa breki. Nini?
*Msomaji, Bamburi*

Ni hayo mawili ya nyuma. Tairi hilo likiwa jipya lina mzunguko wa takribani mita 1.87. Likiisha kutoka milimita 8 za meno hadi 3, kipenyo hupungua milimita 10, na kwa kila kilometa hulazimika kuzunguka kama mara 9 zaidi. Mombasa hadi Malindi hiyo ni zaidi ya raundi 1,000 za ugomvi ndani ya difu ya kati. Nunua mengine mawili, chapa ileile. Ukiona bado linajivuta baada ya hapo, kapulini imeshaganda. Na siku likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu mawili yakiwa juu. Liitie lori la kubeba.

Oili moja ya gia yatosha kote, boksi na difu?
*Msomaji, Kongowea*

La. Boksi la gia lipewe oili ya daraja la GL-4, uzito wa 75W-90, transfa na difu ya nyuma GL-5. Kemikali zilizotiwa ndani ya GL-5 zinaweza kula shaba ya sinkronaiza, pete zinazolainisha gia kuingia, na gia ya pili ndiyo hulalamika mapema. Transfa hubeba kidogo sana, zaidi kidogo ya nusu lita, kwa hivyo ukiona tone sakafuni chini yake usingoje mwisho wa mwezi.