Nyumba yetu yote ni ya umeme na LUKU haikai: tuanzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tunaishi Goba, tuko sita pamoja na dada wa kazi. Mwaka jana tuliachana na gesi na mkaa, sasa tunapikia jiko la umeme la plati nne. Tuna hita ya maji ya lita 80 juu ya dari, AC mbili za chumbani, friji, friza na pampu ya maji. Umeme wa shilingi 100,000 unaisha siku ya kumi, tukibanana sana. Mume wangu anasema mita inatuibia, anataka ibadilishwe. Jirani anatushauri tuombe kuhamishiwa umeme wa bei nafuu. Nami nimenunua Kariakoo kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, nikaambiwa kinapunguza matumizi. Taa zote nimeshabadilisha na chaja tunachomoa kila usiku. Tunakosea wapi?

JIBU: Salama, dada. Pole, maana shilingi laki tatu kwa mwezi kwa ajili ya umeme ni ada ya mtoto. Kabla hujamruhusu mtu yeyote aguse mita, tupige hesabu kwanza.

Nyumba kama yenu iko kundi la bei la T1, ambako uniti moja (yaani kWh moja, wati 1,000 kwa saa moja) ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Vikijumlishwa vyote inafika kama 350 hivi. Shilingi 100,000 kwa siku kumi ni 10,000 kwa siku, yaani uniti 28 hivi kila siku. Swali la kujiuliza ni hili: vitu ulivyonitajia vinaweza kula uniti 28 kwa siku bila mita kuwa na kosa lolote? Vinaweza, na bila shida. Hita inayowaka mchana na usiku kwa watu sita, uniti 8. AC mbili kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, 11. Jiko, 5. Friji na friza, 3. Pasi, pampu, televisheni na taa zote ulizobadilisha, moja na ushee. Umefika.

Ona zilipo taa na chaja katika hesabu hiyo. Chaja ya simu inakula wati chache tu, taa ya LED wati 9 au 10. Hita yako ni wati 2,000. Kuiwasha kwa saa moja ni sawa na kuwasha taa moja ya LED usiku na mchana kwa zaidi ya wiki. Hili ndilo ninalowaambia wateja wangu kila siku: kinachopasha moto au kupoza ndicho kinachokula umeme, vilivyobaki ni vidogo. Lakini watu wanakimbizana na watoto kuhusu taa ya varanda, huku hita iko juu ya dari inachemsha maji ambayo hakuna anayeyaoga.

Pamoja na hayo, wasiwasi wa mume wako si wa kupuuza, na usiku mmoja unatosha kuuondoa. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara 1,000, uniti moja imeondoka. Kama namba ni hiyo, hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, utapata wati zinazotumika wakati huo. Mipepeso 20 ni wati 1,200. Sasa zima na kuchomoa kila kitu ndani, friji na pampu pia, na hita uizime kwenye swichi yake ukutani, ila mein swichi iache imewashwa. Nenda ukasimame mbele ya mita dakika tano. Kitaa kikitulia, nyumba haivujishi. Kikiendelea kupepesa, zima mein swichi. Kikitulia hapo, umeme unapotelea ndani ya nyumba yako. Kikiendelea hata baada ya hapo, tatizo liko kati ya mita na mein swichi, au kwenye mita yenyewe, na hapo sasa mna haki ya kuita TANESCO. Kama mita yenu iko juu ya nguzo, soma uniti zilizobaki kwenye rimoti, acha vyote vimezimwa kwa muda wa saa tatu, usome tena.

Niliwahi kufanya jaribio hili Kimara, saa nne usiku, mwenye nyumba amenishikia tochi. Vyote tulikuwa tumezima, lakini kitaa kilikuwa kinapepesa polepole, kama mara saba au nane kwa dakika. Hiyo ni karibu wati 450 zisizo na mwenyewe, uniti 10 na ushee kwa siku. Tukazima breka mojamoja hadi tukaipata: ni ile ya banda la uani. Waya ulizikwa bila bomba, jembe likauchuna wakati wa kupanda migomba, na umeme ukawa unanywewa na udongo wenye maji. Breka ya kuzuia umeme kuvuja kwenda ardhini ilikuwepo, lakini fundi aliyetangulia aliiruka kwa waya kwa sababu ilikuwa “inajizimazima.” Ilikuwa inafanya kazi yake! Dada, breka hiyo ikikuzimia, usikubali iondolewe. Uniti ni hasara, lakini mtoto akikanyaga udongo ule miguu mitupu ni msiba.

Tuseme nyumba yenu ni salama. Anza na hita, maana ndiko kwenye pesa ya haraka. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 28 hadi 70 kunahitaji karibu uniti 4. Ukiiacha imewashwa, maji yanapoa taratibu na inayapasha tena, hata mkiwa kazini, hata mkiwa kanisani au msikitini. Na hapa ni Dar, dada. Simtanki lililo juani maji yake saa kumi jioni ni ya uvuguvugu tayari. Kuanzia Desemba hadi Machi wengi wenu mngeoga bila hita kabisa. Kwa hiyo izime, uiwashe dakika 45 kabla ya kuoga. Hiyo ni uniti moja na nusu, na inayapandisha maji hadi nyuzi 44 hivi, ambayo bado utayachanganya na ya baridi. Anayesahau kuzima afungiwe taima. Mara moja kwa wiki iacheni ifike nyuzi 60 au zaidi ili kuua vijidudu vinavyopenda maji ya vuguvugu. Themostati muombe fundi aishushe ikae 60. Huwa nakuta nyingi zimewekwa 75.

Hujaniambia maji mnayatoa wapi. Kama ni ya kisima chenye chumvi, hita ifunguliwe mara moja kwa mwaka. Juzi nimetoa koili ya hita moja, ilikuwa imevaa ukoko mweupe mnene kama kidole, mgumu kuliko ukoko wa wali. Joto linakwama ndani ya ukoko, maji yanachelewa kupata moto, na mwishowe koili inapasuka. Tazama pia kale kabomba kadogo ka usalama kanakotoka pembeni mwa hita. Kadondoshe kidogo wakati maji yanapashwa, ni sawa. Lakini kakidondosha maji ya moto siku nzima, ni uniti zinadondoka, valvu ibadilishwe.

AC ni za pili. Ya BTU 12,000 isiyo ya inverta (inverta hupunguza kasi ya mashine badala ya kuizima na kuiwasha) inavuta wati 1,100 hivi inapofanya kazi. Kuweka nyuzi 18 hakuifanyi ipoze haraka, kunaifanya isipumzike tu. Weka 26 na panga boi liwe linazunguka taratibu. Feni inakula wati 70 tu, na upepo wake unaufanya mwili uhisi baridi zaidi ya namba iliyoko kwenye rimoti. Tumia taima ijizime saa tisa au kumi usiku, chumba kitabaki na ubaridi hadi mnaamka. Vichujio vioshwe kila mwezi kwa vumbi letu la Goba. Na lala na mlango umefungwa, maana mara nyingi nakuta AC ya chumba inapoza korido na sebule, na juu ya mlango kuna nafasi ya kupitisha mkono. Siku AC moja ikifa, nunua ya inverta. Kubadilisha iliyo nzima sikushauri.

Jikoni, usirudi kwenye mkaa. Kinachowaumiza ni vyakula vya kuchemka muda mrefu juu ya plati: maharage, makande, nyama ya mfupa. Maharage kwa saa mbili na nusu kwenye plati yanakula karibu uniti mbili. Jiko la presha la umeme linayaivisha kwa chini ya nusu uniti, kwa sababu likishapata presha linajizima na kuwaka kwa vipindi, na joto halitoki. Yaloweke usiku kucha, itapungua zaidi. Kwa familia ya watu sita, jiko hilo litarudisha pesa yake ndani ya miezi michache. Plati ibaki kwa chapati na kukaanga. Iwekewe sufuria yenye kitako bapa, na uizime dakika chache kabla chakula hakijaiva, kwani itaendelea kutoa moto. Ovena ni ya sikukuu.

Friza: bana karatasi kwenye mlango wake, uivute. Ikitoka bila kung’ang’ania, mpira umechoka. Barafu ikizidi unene wa kidole, yeyusha. Kama wiki nzima haina kitu zaidi ya samaki wawili, wahamishie kwenye friji, friza uizime. Pampu: kama ni ile inayojiwasha bomba likifunguliwa, sikiliza usiku. Ikiguruma yenyewe kila baada ya dakika chache, kuna choo kinachovujisha maji.

Kifaa cha Kariakoo rudisha kama utarudishiwa pesa. Ndani yake huwa kuna kapasita ndogo na taa. Kapasita kubwa husaidia viwandani, ambako mteja hulipishwa kwa kVA, yaani umeme wote unaovutwa, hata usiofanya kazi. Mita ya nyumbani inahesabu wati halisi, na kapasita haizigusi.

Umeme wa bei nafuu anaousema jirani ni kundi la D1, shilingi 100 kwa uniti, lakini ni kwa wanaotumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi. Ninyi mnazimaliza kwa siku tatu, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350 kabla ya kodi, zaidi ya mnayolipa sasa. Mkiona manunuzi ya kwanza ya mwezi yanatoa uniti pungufu, hiyo ni kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na kama kuna deni la miezi ya nyuma hukatwa hapo hapo.

Jumamosi saa moja asubuhi andika uniti zilizobaki, kisha anza na hita na AC tu. Jumamosi inayofuata soma tena saa hiyo hiyo. Chukua uniti za Jumamosi ya kwanza, ongeza mlizonunua katikati, toa zilizobaki, ugawe kwa saba. Natarajia uone 19 au 20 kwa siku, na jiko la presha likiingia, 16 au 17. Kama bado ni zaidi ya 22 na kitaa kilitulia usiku ule, soma uniti asubuhi na jioni kwa siku saba, unitumie namba hizo, tuone ni saa ngapi uniti zinakimbia.