Kuunda kompyuta mpya yenye kasi kwa ajili ya vifaa vya zamani: ushauri kwa fundi anayeanza

Mteja anayeleta kazi ya namna hii huwa na ombi moja tu: anataka kompyuta mpya, iwe na kasi, na ile mashine yake ya zamani iendelee kufanya kazi. Mashine hiyo yaweza kuwa printa ya utepe inayochapa ankara za karatasi za kaboni, mizani ya ghalani, mashine ya kukatia stika kwenye duka la mabango, au kipimo cha maabara katika zahanati. Fundi mgeni wa kazi hukimbilia kuchagua prosesa. Ninakushauri ugeuze mpangilio huo. Kasi siku hizi hupatikana dukani bila taabu, lakini kukubaliana na kifaa cha zamani huamuliwa na ubao mama, mfumo endeshi (kama Windows) na draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, na ukikosea katika hayo matatu hakuna prosesa itakayokuokoa.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei yoyote, nenda ukakione kifaa chenyewe kikifanya kazi kwenye kompyuta inayoondoka. Maelezo ya simu hayatoshi, kwani kwa mteja kila tundu la nyuma ni "la printa". Piga picha nyuma ya kompyuta, fungua Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), kisha andika jina la draiva, namba ya poti, yaani tundu la mawasiliano, na mipangilio ya mawasiliano hadi kasi ya biti na pariti (biti ya kukagua makosa). Tazama pia programu ni ya biti ngapi, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa: Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 vizuri kabisa, lakini haipokei draiva ya biti 32 hata moja, wala haiendeshi programu za biti 16 za enzi za DOS na Windows 3.1. Windows 11 haina toleo la biti 32, na Windows 10, iliyokuwa nalo, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa mtengenezaji wa kifaa hakuwahi kutoa draiva ya biti 64, mwambie mteja siku hiyo hiyo, kabla hajatoa fedha.

Tundu utakalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la siriali, lile la pini 9. Bodi nyingi mpya, yaani mbao mama, hazina tundu hilo kwa nje, ila zikitazamwa kwa makini huonekana zina safu mbili za pini ndani, zenye maandishi COM au COM1 (jina la poti ya siriali), na nafasi moja isiyo na pini. Unachohitaji ni waya mfupi wenye tundu la kufunga nyuma ya kasha. Waya huo, hata hivyo, hutengenezwa kwa namna mbili zinazofanana machoni. Katika namna moja, pini ya 5 ya tundu, ambayo ndiyo ya ardhi, hufika kwenye pini ya 5 ya ubao. Katika nyingine hufika kwenye pini ya 9. Ukifunga usioafikiana na ubao wako, Windows itaonyesha COM1 bila kosa lolote na kifaa kitanyamaza kimya. Soma mchoro ulio katika kitabu cha ubao, kisha pima waya kwa mita kabla ya kufunga kasha. Baada ya hapo unganisha pini ya 2 na ya 3 za tundu kwa kipande cha waya, fungua PuTTY (programu ya kutuma na kupokea herufi) kwenye COM1, na uandike chochote: herufi zikirudi kwenye skrini, na zikikoma unapotoa kipande hicho, tundu ni zima na ugomvi uliobaki ni wa programu au wa waya wa kifaa.

Adapta za USB kwenda siriali zinafaa, ila ziwe chaguo la pili. Nyingi hubadilisha namba ya COM zikihamishiwa tundu jingine la USB, na programu za zamani nyingi huzijua COM1 hadi COM4 tu. Namba hiyo unaweza kuirekebisha katika mipangilio ya poti ndani ya Device Manager. Chagua adapta yenye chipu halisi ya kampuni ya FTDI. Draiva yake husubiri milisekunde 16 kabla ya kupeleka data kidogo iliyopokelewa, muda unaotosha kuikatisha tamaa programu yenye haraka, na unaweza kuushusha hadi 1 humo humo katika mipangilio.

Poti sambamba ya printa ni ngumu kuliko siriali. Adapta ya USB kwenda sambamba hutambuliwa kama printa ya USB, haitengenezi LPT1 (poti ya kwanza ya printa) ya kweli, na programu inayoandika moja kwa moja kwenye anwani ya poti hiyo, 378 kwa heksadesimali, haitaiona kamwe. Kadi ya PCI Express nayo hupewa anwani nyingine. Ikiwa ni kuchapa tu, shiriki printa kwenye mtandao na uielekeze kwa amri ya net use LPT1: ili programu iamini kwamba poti ipo. Afadhali zaidi, tazama nyuma ya printa kwanza: Epson LQ-310, kwa mfano, ina USB, siriali na sambamba kwa pamoja, na mara nyingi tundu la USB halijawahi kuguswa.

Kadi za PCI za kawaida, zile za kuchomeka ndani kabla ya PCI Express, zinahitaji ubao wenye nafasi yake. Bodi chache mpya zinazo, ila hupitia chipu ya daraja kwa sababu chipseti za sasa hazina PCI asilia. Kadi ya sauti au ya mtandao haitajali. Kadi inayoendesha mitambo, inayohesabu muda kwa ukali, huenda ikajali, kwa hiyo ijaribu kabla ya kukabidhi kazi. Kuhusu skrini za VGA, nunua adapta yenye chipu ndani yake, si waya mtupu, na uendelee na mengine.

Sasa ndipo unapochagua kasi. Ikiwa mashine lazima iwake kwa kutumia kadi ya picha ya zamani au diski iliyogawanywa kwa MBR (mtindo wa zamani), unahitaji ubao ambao UEFI yake, yaani programu ya kuwashia mashine, bado ina CSM, sehemu inayoiga BIOS ya zamani, na sehemu hiyo inazidi kuondolewa. Kwa kazi hizi napendelea ubao wa AM4 wenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600. Haishindi za leo katika majaribio, lakini ikiwa na diski ya NVMe (isiyozunguka, yenye kasi) na kumbukumbu ya GB 16, mteja aliyetoka kwenye diski ya kuzunguka hatakuuliza habari ya DDR5, kumbukumbu ya kizazi kipya.

Programu ya DOS iweke ndani ya DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS, na kifaa cha USB chenye draiva ya Windows XP pekee kiunganishe na mashine pepe (kompyuta inayoigwa ndani ya programu) ya VirtualBox isiyopewa mtandao. Mbinu hizi hutosha kwa mengi, ila si kwa kadi ya ISA, ile ya kuchomeka iliyotangulia PCI. Hapo iache kompyuta ya zamani mahali pake, tengeneza nakala kamili ya diski yake, na ufanye mpya ipokee mafaili tu. Usishangae folda zilizoshirikiwa zikikataa kufunguka: XP huzungumza SMB1, lugha ya zamani ya kushiriki mafaili, ambayo Windows 10 iliacha kuisakinisha yenyewe tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Usiirudishe kwenye kompyuta mpya kwa ajili ya folda moja. Weka seva ndogo ya FTP (njia nyingine ya kuhamisha mafaili) kwenye kompyuta ya zamani, izuie isifike kwenye intaneti, na kompyuta mpya ichukue mafaili yake kutoka humo.