Ukitaka kuielewa filamu, mfuate adui

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na vijana wa mtaani kwetu, tunaangalia filamu kisha tunaijadili. Wengi wako kidato cha tatu na cha nne, na wanakuja na walichozoea kwenye somo la fasihi: wahusika na sifa zao, halafu dhamira. Steringi, yaani mhusika mkuu, ni jasiri na mpenda haki. Adui ni katili na mwenye tamaa. Dhamira ni mapenzi, usaliti na uongozi mbaya. Kwenye mtihani orodha hiyo inaweza kukupa alama, lakini ibandike kwenye filamu nyingine kumi uone: itakaa vizuri kote, maana yake hujaichambua hata moja.

Ushauri ninaoung'ang'ania kuliko wowote ni huu: achana na sifa, tafuta uamuzi. Mtu wa kwenye filamu humjui mpaka abanwe, awe na njia mbili na zote zina gharama. Alichagua ipi? Nani aliyelipia? Na kwa kuwa anayembana steringi mara nyingi ni adui yake, anza na adui.

Chukua Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Nitaizungumzia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona, itafute kwanza. Steringi ni T'Challa, mfalme mpya wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika iliyo tajiri lakini imejificha; adui yake ni Killmonger. Ukiwauliza vijana Killmonger ni mtu gani, jibu la haraka ni kwamba ana uchu wa madaraka. Ni kweli anakitaka kiti cha ufalme wa Wakanda. Lakini rudi nyuma hadi Oakland, Marekani, mwaka 1992. Mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, anagundua kuwa mdogo wake, N'Jobu, ameisaliti nchi. N'Jobu anachomoa bastola, na mfalme anamuua ili kumwokoa mtu wa tatu aliyekuwemo chumbani. Hilo unaweza kulitetea. Kinachofuata hakiteteeki: mfalme anarudi nyumbani, siri inafukiwa, na mtoto wa marehemu, ndiye Killmonger, anaachwa hukohuko, amkute baba yake sakafuni.

Sisi tunalo jicho la kuliona jambo hili kuliko watazamaji wengi. Kwa mtoto yule, T'Chaka ni baba mkubwa. Baba akifariki, baba mkubwa ndiye wa kumchukua mtoto, hakuna mjadala. T'Challa na Killmonger, kwa hesabu yetu, ni ndugu kabisa: mmoja alilelewa ikulu, mwingine aliachwa mitaani na mtu yuleyule aliyepaswa kumlea. Nikilisema hivi kwenye kikao chetu, hata waliokuwa wanachezea simu hunyanyua vichwa, kwa sababu kila mmoja anaijua familia yenye mtoto wa namna hiyo.

Sasa tazama jinsi filamu inavyolisema jambo hilo bila hotuba. Mfalme mpya hunywa dawa ya mmea, akazikwa kwenye mchanga, akakutana na mizimu ya ukoo. T'Challa anaamkia uwanda wa majani chini ya anga la zambarau. Mtini wako chui, wazee wake, na baba yake amesimama kumpokea. Killmonger, akishatwaa kiti, anakunywa dawa ileile, anafukiwa kwenye mchanga uleule, na anaamkia kale kachumba ka Oakland. Baba yake yuko peke yake. Anga la zambarau lipo, lakini nje ya dirisha. Hakuna mzee wala ukoo wa kumpokea, na katikati ya mazungumzo anageuka kuwa yule mtoto wa zamani. Ukitaka kuandika kuhusu filamu hii, kaa hapo. Linganisha matukio hayo mawili kitu kwa kitu: mwanga, idadi ya watu, nani amesimama na nani amekaa.

Tukio hilo halimsafishi. Akishaamka, anaamuru bustani yote ya mmea ule ichomwe moto, ili asipatikane mfalme mwingine baada yake. Kabla ya hapo tulishamwona akimpiga risasi mpenzi wake mwenyewe pale alipotekwa na kufanywa ngao. Kwa hiyo unamhurumia kwa alichofanyiwa na unamlaumu kwa alichochagua, na yote mawili lazima yaingie kwenye uchambuzi wako. Ukiandika moja tu, umemwonea yeye au umewaonea aliowaua.

Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, vijana wengi humpita haraka wakimwita mpenzi wa steringi. Wanamdhulumu. Tunapokutana naye mara ya kwanza yuko msitu wa Sambisa, Nigeria, katikati ya wanawake waliotekwa, kwa kazi ya siri ya kuwakomboa. Baadaye anamwambia mfalme kwamba hawezi kutulia nyumbani huku akijua kuna watu huko nje wasio na kitu. Hilo ndilo lalamiko la Killmonger pia! Wawili hawa wanakubaliana kuhusu kosa la Wakanda. Wanatofautiana kuhusu dawa yake. Mmoja anataka kugawa silaha, mwingine anataka kutoa hifadhi na msaada. Ukiona watu wawili wanauliza swali moja na kulijibu tofauti, dhamira iko hapo. Huna haja tena ya kuandika "uongozi". Unaweza kuandika sentensi nzima: filamu inauliza aliyejaliwa anadaiwa nini na ndugu aliyeachwa nje, na deni hilo lilipwe vipi. T'Challa naye analijibu kwa kitendo: anawaambia wazee wa mizimuni, baba yake akiwa mbele, kwamba walikosea, kisha ananunua majengo ya palepale Oakland ambapo baba yake mdogo aliuawa, ili kazi ya kusaidia watu ianzie hapo.

Rangi na maleba visaidie hoja, visiwe mapambo ya uchambuzi. Kwenye kasino ya Busan, Korea Kusini, T'Challa amevaa nyeusi, mlinzi wake Okoye nyekundu, Nakia kijani. Hizo ni rangi za bendera ya Waafrika iliyotokana na harakati za Marcus Garvey za kuwaunganisha watu weusi popote walipo, na Ruth E. Carter, aliyebuni maleba, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Zinafaa kutajwa kwa sababu zinagusa swali la nani ni ndugu wa nani. Kama hazigusi swali lako, ziache.

Filamu isiyo na adui mmoja ina ugumu wake. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ina Mwas, kijana wa kijijini anayetaka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza Nairobi anaporwa, analala mahabusu, na hukohuko anakutana na Oti, kiongozi wa genge. Hapa uliza: nani anambana Mwas? Ni Oti, na Oti ni rafiki! Anampa kundi, mahali pa kukaa na kazi. Jukwaa linamlipa polepole, wizi unamlipa leo. Ndiyo maana uamuzi wake unaumiza kuutazama.

Kuhusu namna ya kutazama: mara ya kwanza furahia tu, usishike kalamu. Mara ya pili mfuate mhusika mmoja, andika kila anapoamua jambo. Na kama ulikulia vibanda umiza vya kuonyeshea video kama mimi, ukiwasikiliza kina Lufufu wakitutafsiria filamu kwa Kiswahili, endelea kuwapenda, lakini kwa uchambuzi itafute filamu yenyewe. Sauti ya mtafsiri hufunika ukimya wa wahusika, na ukimya una kazi kubwa.

Kwenye kikao chetu bado kuna kijana anayeshikilia kwamba majengo ya Oakland hayatoshi, kwa kuwa aliyekuwa akidai ameshakufa. Nami humrudisha kwenye uamuzi wa mwisho wa Killmonger. T'Challa anamwambia pengine bado wanaweza kumtibu. Anakataa, anaomba azikwe baharini pamoja na mababu waliojirusha kutoka kwenye meli za watumwa kwa kuona kifo ni bora kuliko minyororo. Kwenye kile chumba cha Oakland hakukuwa na wazee wa kumpokea. Akiwa anakufa, anawachagua wa kwake mwenyewe, na si wa Wakanda.