“Ua za haisinti” au “maua ya haisinti”?

SWALI: Katika maelekezo ya bustani niliandika: “Majira ya kuchipua, panda ua za haisinti kwa uangalifu kwa kuwa ni nyororo.” Mhariri amepiga mstari chini ya “ua za” na “nyororo”. Mbona yeye mwenyewe ameandika pembeni “haisinti zimechanua”? Ikiwa zi- yake ni sahihi, yangu ina kosa gani?

JIBU: Mhariri hajakosea. Haisinti ni neno la kukopwa, nalo limeingia ngeli ya I-ZI kama wakopwa wenzake wengi: haisinti imechanua, haisinti zimechanua. Ua lina ngeli yake, LI-YA. Ukishalitaja, ndilo linalotawala upatanisho, na haisinti hubaki kulifafanua tu: ua la haisinti limechanua, maua ya haisinti yamechanua. Ua ambao wingi wake huchukua za ni ule wa nyumba, na wingi huo ni nyua. Ndiyo maana mtu aweza kusema “ua limechanua uani” asichanganye chochote.

“Nyororo” nayo ni umbo linalopatana na ngeli za maneno kama ngozi na nywele. Ua ni jororo, maua ni mororo. Anayeona mororo linamkwama ulimini atumie laini, halibadiliki. Ila asiseme “maua dhaifu”. Udhaifu uuache kwa bua, kwa sababu shada la haisinti likijaa huwa zito, na bua huinama hadi lishikiziwe kijiti.

Hilo shada nalo lina lake. Bua moja hubeba maua madogo mengi yenye umbo la kengele, yanayofunguka kuanzia chini kwenda juu. Kwa hiyo hata mmea ukiwa mmoja, “maua yamechanua” ni sawa kabisa. Ukitaka umoja, sema “shada limechanua”.

Kosa kubwa zaidi mhariri amelipita: kitenzi panda. Majira ya kuchipua haisinti haipandwi, huchanua. Na kinachopandwa si ua, ni tunguu, yaani ile sehemu ya chini inayofanana na kitunguu, tena kabla baridi haijaingia, ncha ikiangalia juu, kina cha sentimita 10 hadi 15. (Vaa glavu, maana tunguu hilo huwasha.) Linahitaji kukaa kwenye baridi wiki 10 hivi au zaidi, likiikosa, bua hudumaa na maua hufungukia katikati ya majani. Baridi ikipungua, tunguu huchipua, majani huchomoza, kisha shada huchanua. Vitenzi hivyo vitatu usivibadilishane ovyo, kila kimoja kina hatua yake.

Gugumaji, lile linaloziba maziwa, lina jina linalofanana na haisinti katika lugha nyingine, lakini ni mmea mwingine kabisa. Usilitumie hapa.

Andika hivi: “Panda matunguu ya haisinti kabla ya majira ya baridi. Majira ya kuchipua yakifika, maua yake mororo yatachanua. Bua likilemewa, lishikizie kijiti.”