"Wanawake kwanza" ao "pita dada"?

Swali: Mwalimu jambo. Juzi ku Nyawera, hapa Bukavu, tulikuwa tunashindania teksi, nikaona binti mumoja nyuma yangu, nikamuachia mlango nikasema "wanawake kwanza", juu ya kutafsiri honneur aux dames. Akanijibu "kwani niko mugonjwa?", batu bote bakacheka. Nilikosea Kiswahili, ao siku hizi banamuke habapendi tena heshima? (Kijana wa Kadutu)

Jibu: Jambo sana ndugu. Heshima ilikuwa nzuri, sentensi njo ilikuangusha. "Wanawake kwanza" ku masikio ya mutu wa Bukavu ni sauti ya mwenye kugawa unga wa msaada: wanawake kwanza, bazee nyuma, vijana bangoje.

Kiswahili tunamupisha mutu, hatupishi jinsia. Unasema "pita mama", "tangulia dada", "ingia yaya" (huku kwetu yaya ni dada ao kaka mukubwa), mkono unaonyesha mlango, basi, imeisha. Lile neno la ukoo njo linabeba heshima, na linafuata umri zaidi: mutoto anamupokea muzee muzigo akiwa baba ao mama, anamuachia kiti, hata shikamoo ya Tanzania inapewa mukubwa, mwanaume ao mwanamuke.

Sasa kuchagua neno njo kazi. "Mama" huku kwetu unaweza kumuita hata katoto ka miaka mitano, kwa upendo, lakini binti wa iniversite ukimuita mama mu teksi yenye kujaa atafikiri unamuzeesha. "Dada" haina hatari. "Bibi" achana nayo kabisa, juu Zanzibar Bi ni heshima, Dar bibi ni mama ya baba yako ao ya mama yako, na hapa Bukavu bibi ni muke wa mutu, utaulizwa wa nani. "Madame" na "mademoiselle" (binti hajaolewa) zinapita, hata kama Ufaransa yenyewe iliondoa mademoiselle mu makaratasi ya serikali tangu 2012. (Bazee watakuambia wakati wa Mobutu, tangu 1972, hakukuwa monsieur wala madame, bote citoyen na citoyenne (mwananchi), mpaka 1990 ikaisha, na mlango bado tuliushindania.)

Kama banamuke habapendi tena? Hapo siyo sarufi lakini nitajibu. Nasikia mabinti banasema wanaume banafungua mlango leo, kesho banaomba namba ya simu, na hawa ni mabinti walikuwa bado banasoma wakati sheria ya familia ya Kongo ilibadilishwa 2016, ile ya zamani yenye ilitaka mwanamuke wa ndoa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kusaini mambo mengi. Kwa hiyo akisikia "wanawake" amewekwa mu kundi la wenye kuchungwa, anakasirika. Na kusema kweli ile galanterie yetu (heshima ya wanaume kwa banamuke) inachagua: mama mwenye kubeba gunia mgongoni, kamba ku paji la uso, anapandisha mulima wa Kadutu, yeye hakuna mwenye kumuambia honneur aux dames, bamotari banamupigia honi atoke mu njia.

Siku ingine jaribu kuuliza: "Nikupishe, dada?" Lile -e la mwisho linaomba, halitangazi, na yeye anabaki na haki ya kukataa. Akisema hapana ingia wewe, teksi ya kwenda Essence haingojee mutu.